Kamera Haitoshi: Hewa Tumboni na Mkono Unaoshika Barakoa

Hospitali inapopata mashine ya upasuaji wa matundu madogo, picha zinazosambaa ni za kamera na skrini. Viongozi wanaonyeshwa vifaa, madaktari wa upasuaji wanasimama mbele, na wananchi wanaambiwa kwamba kutolewa mawe ya nyongo au uvimbe wa ovari hakutawalazimu tena kupanda basi la usiku kwenda Dar es Salaam. Ni habari njema. Mama anayelima viazi Makete au kuchuma chai Mufindi akipasuliwa kwa mkato mrefu, anakaa wiki nyingi bila kuinua ndoo, na msimu haumsubiri. Akitobolewa matundu matatu au manne, anarudi kwenye shughuli zake mapema zaidi, kwa maumivu kidogo na kidonda kidogo.

Ila kuna mtu ambaye huwa hayumo kwenye picha hizo, na dakika zake chache za mwanzo ndizo huamua daktari ataona nini kwenye ile skrini. Ni mtaalamu wa usingizi, aliyesimama kichwani kwa mgonjwa na barakoa mkononi. Hoja yangu ni kwamba upasuaji wa matundu madogo hautakuwa salama Nyanda za Juu Kusini mpaka tuupe upulizaji wa barakoa uzito uleule tunaoipa kamera. Nasema hivyo kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wengi nje ya theata hawalijui, na ndani ya theata limezoeleka mno: hewa inayoingia kwenye tumbo la chakula kabla upasuaji haujaanza.

Mgonjwa akishachomwa dawa ya usingizi kwenye mshipa, anaacha kupumua mwenyewe. Toka hapo mpaka mpira wa kupumulia uingizwe kwenye njia ya hewa, anapuliziwa oksijeni kupitia barakoa iliyobanwa juu ya pua na mdomo. Huko nyuma ya koo kuna njia mbili, moja ya mapafu na nyingine ya chakula, na barakoa haina uwezo wa kuzitenganisha. Kinacholinda tumbo ni msuli wa mviringo ulio mwisho wa umio, yaani ile njia ya chakula, ambao nao hulegea mtu akilazwa kwa dawa. Shinikizo la upulizaji likiwa chini ya sentimita 15 za maji, sehemu kubwa ya hewa huenda mapafuni. Likipita 20, kwa watu wengi umio hufunguka na tumbo huanza kujaa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulitumia altrasaundi kuangalia tumbo la mgonjwa wakati uleule anapopuliziwa. Sentimita 15 ndicho kiwango kilichoonekana kufaa zaidi: mapafu yanapata ya kutosha, tumbo halipati nyingi. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba altrasaundi hugundua hewa ambayo stethoskopu iliyowekwa juu ya tumbo haiisikii. Kwa hiyo mtu akisema “sikusikia kitu tumboni”, kauli yake ni ya kweli, lakini haithibitishi kwamba hakuna kilichoingia.

Wakulima wa mpunga wa Mbarali wanaijua tabia hii kwa maji. Mfereji unaoingia jarubani ukiziba kwa matope, halafu mtu huko juu akafungulia maji kwa nguvu, maji hayangoji tope liondoke. Yanapasua tuta na kwenda kwa jirani. Mgonjwa aliyelala chali, ulimi umerudi nyuma na taya limeanguka, mfereji wake wa mapafu umeziba nusu. Anayeminya kwa nguvu ili kuushinda ukinzani huo anaipeleka hewa kwa jirani, yaani tumboni. Dawa yake ni kuinua taya, kuweka kile kifaa cha plastiki kinachoshikilia ulimi, na kuminya taratibu, walau sekunde nzima kwa kila pumzi.

Kinachonisumbua zaidi ni mzunguko unaofuata. Tumbo lililojaa hewa husukuma kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kuelekea kifuani. Mapafu yakibanwa, kuyajaza kunakuwa kugumu. Mkono unahisi ugumu huo na kuminya zaidi, na hewa zaidi inakwenda tumboni. Hapo namba ya oksijeni inayoonyeshwa na kipimo cha kidoleni inaanza kushuka, kila mtu chumbani anageuka kutazama, na mkono unazidi kukaza. Kwa mtoto mdogo mzunguko huu huchukua muda mfupi sana, kwa sababu kifua chake hutegemea kiwambo kuliko cha mtu mzima. Nimewaona watoto waliosemekana kuwa na “mapafu magumu” wakirejea hali nzuri mara tu tumbo liliponyonywa.

Kifaa chenyewe kinachangia. Ule mfuko wa kuminya kwa mkono tunaouita ambu ulitengenezwa Denmark na Henning Ruben, daktari wa usingizi, pamoja na mhandisi Holger Hesse, ukaanza kuuzwa mwaka 1956. Uzuri wake ni kwamba hujijaza wenyewe bila mtungi wala umeme, na ndiyo maana umeokoa maisha mengi kwenye vituo vya afya vya vijijini. Sina neno dhidi yake. Lakini ule wa watu wazima hubeba takriban lita moja na nusu, wakati mtu wa kilo 60 anahitaji kama mililita 400 tu kwa pumzi moja. Ukiuminya kwa mikono miwili mpaka viganja vikutane, umempa mgonjwa zaidi ya maradufu ya anachohitaji, na ziada hiyo itatafuta pa kwenda. Isitoshe, mingi ya mifuko hii haina saa ya kupima shinikizo. Mkono unaongozwa na hisia, na hisia za mtu aliyetishika hazipimi vizuri.

Sasa tumtazame daktari wa upasuaji. Ili apate nafasi ya kufanyia kazi, uwazi wa ndani ya fumbatio, nje ya tumbo la chakula na utumbo, hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi hadi milimita 12 mpaka 15 za zebaki. Gesi hiyo hupitishwa kwenye tundu la kwanza, ambalo mara nyingi hutobolewa kabla kamera haijaona chochote. Karibu nusu ya madhara makubwa ya upasuaji wa aina hii hutokea katika hatua hiyo ya kuingia. Wengi huanzia kitovuni kwa sindano yenye springi iliyobuniwa na János Veress wa Hungaria, ambaye katika miaka ya 1930 aliitumia kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa mgonjwa aliyewahi kupasuliwa tumbo, ambapo utumbo huenda umenata chini ya kovu la zamani, daktari huhamia juu kushoto, sentimita kama tatu chini ya mbavu, mahali palipopendekezwa na Raoul Palmer, daktari Mfaransa wa magonjwa ya wanawake. Pale ndipo tumbo la chakula linapokaa. Kanuni ya kutumia sehemu ya Palmer ni kwamba tumbo liwe limenyonywa kwanza. Likiwa limefura, sindano inaelekezwa moja kwa moja kwenye ukuta wake.

Hata pasipotobolewa kitu, kazi inaharibika. Mfuko wa nyongo umejificha chini ya ini, na tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo mdogo viko jirani kabisa. Tumbo likifura hufunika uwanja, daktari anaomba meza iinamishwe zaidi, anaomba tundu la ziada la kuzuia tumbo, muda unakwenda. Mirija ya nyongo ni ya kuangaliwa kwa utulivu, maana kukata mrija usio wenyewe ni balaa ambalo mgonjwa anaweza kuishi nalo miaka. Halafu baadaye inaandikwa kwamba kesi ilikuwa ngumu.

Hapa nafika kwenye jibu ninalolisikia kila mara: hewa ikiingia si neno, tutaweka mpira wa tumboni tuinyonye. Silikubali. Ni kweli mpira uwekwe, na kwa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo nauona ni wa lazima, upitie mdomoni baada ya njia ya hewa kushikwa, na uondolewe kabla mgonjwa hajaamka. Lakini mpira unakuja baadaye. Hatari kubwa ya tumbo lililofura ipo kabla yake, katika zile sekunde ambazo njia ya hewa iko wazi bila kinga. Tumbo lenye shinikizo hurudisha kilichomo, na tindikali ikishuka mapafuni hakuna kunyonya kutakakoyarudisha mapafu kama yalivyokuwa. Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa Marekani, alieleza jambo hilo mwaka 1946 kutoka hospitali ya wazazi ya New York: kati ya wajawazito 44,016 wa miaka 1932 hadi 1945, alikuta 66 ambao yaliyomo tumboni yaliingia mapafuni wakiwa usingizini. Tena hewa iliyokwisha kuvuka tumbo na kuingia kwenye utumbo mpira hauifikii. Itabaki humo inavimbisha utumbo, na daktari atapambana nayo mpaka mwisho.

Kwa hiyo mpira ni wa kusafisha kilichobaki. Kinga yenyewe iko kwenye mkono.

Na kwetu huku mkono huo una mtihani ambao vitabu vilivyoandikwa kwenye miji ya pwani havijauweka mbele. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na Iringa haiko mbali sana chini yake. Kwa mwinuko wa Mbeya kanieneo ya hewa hushuka hadi karibu milimita 620 za zebaki, wakati pwani ni 760. Maana yake ni kwamba hata mgonjwa akivutishwa oksijeni tupu, akiba inayobaki mapafuni mwake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya mgonjwa wa Tanga. Namba kwenye kidole itaanza kushuka mapema, na mtoa usingizi atashawishika mapema kuminya kwa nguvu. Wataalamu wengi wanaofanya kazi huku walifundishwa mahali pa chini, wakaleta mazoea ya huko. Naona hili lingepaswa kuwa somo la kwanza kwa kila anayepangiwa kazi ya usingizi mikoa yetu.

Tiba ya jambo hili ni muda, na muda hauuzwi dukani. Mgonjwa avute oksijeni kwa barakoa iliyokaa vizuri usoni, akipumua kawaida, dakika tatu mpaka tano kabla ya dawa. Mtu mzima mwenye afya aliyevuta hewa ya kawaida tu huanza kuishiwa ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuacha kupumua. Aliyejazwa oksijeni vizuri pwani anaweza kufika hata dakika nane. Huku tutegemee pungufu ya hapo, lakini bado ni muda mwingi wa kufanya kazi bila kuhangaika. Kichwa na kifua vikiinuliwa kidogo akiba huongezeka, hasa kwa wanene, ambao hupata mawe ya nyongo zaidi ya wengine. Anayetaka kujua kama jambo hili linafanyika, asimame mlangoni mwa theata yoyote yenye orodha ndefu ya siku. Barakoa inaelea juu ya pua ya mgonjwa kwa nusu dakika, daktari amekwisha kunawa, na swali linatoka: “Mtu wa usingizi, bado?” Swali hilo fupi linapeleka hewa nyingi tumboni kuliko ubovu wa kifaa chochote.

Mbinu za mkono si siri. Mikono miwili kwenye barakoa, vidole gumba juu na vilivyobaki vikiinua taya, huku mtu wa pili akiminya, hufanya kazi vizuri zaidi kuliko mkono mmoja unaong’ang’ana. Wazee wasio na meno mashavu yao huingia ndani na hewa hutoroka pembeni. Hapo msaidizi ni wa lazima. Usingizi uwe wa kutosha, na dawa ya kulegeza misuli isicheleweshwe bila sababu, kwa sababu mgonjwa aliyelegea hupuliziwa kwa shinikizo dogo. Penye mashine ya usingizi inayoweza kupuliza yenyewe kwa shinikizo lililopangwa, ipangwe 15 na iachwe ifanye kazi, maana haiogopi namba zinaposhuka. Penye ambu pekee, kinunuliwe kipima shinikizo cha kuchomeka. Ukikilinganisha na bei ya mnara wa kamera, yaani rafu nzima ya skrini na mitambo yake, ni kitu kidogo mno kukosekana.

Kuna wanaosema suluhisho ni kutopuliza kabisa: dawa ziingie haraka, mpira wa kupumulia upitishwe, basi. Kwa mgonjwa mwenye tumbo lililojaa ndiyo desturi ya muda mrefu, pamoja na kubana koo kwa mbele kama Brian Sellick, daktari wa usingizi Mwingereza, alivyoeleza mwaka 1961. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini desturi hiyo inategemea mpira uingie kwa jaribio la kwanza, na isipowezekana mgonjwa anabaki bila akiba. Kwenye mwinuko wetu, kwa mnene au mjamzito, kusubiri bila kupuliza huku oksijeni ikianguka ni kumtoa mtu kwenye hatari inayoweza kutokea na kumtia kwenye iliyokwisha kuanza. Kupuliza kwa upole, kwa shinikizo la 10 mpaka 15, kunakubalika hata katika hali hiyo. Kinachohitajika ni mkono unaojua tofauti ya 15 na 30 hata akili ikiwa na wasiwasi, na mkono wa namna hiyo hupatikana kwa mazoezi kwenye sanamu ya mafunzo yenye saa ya shinikizo, yanayorudiwa mara kwa mara. Mafunzo ya siku mbili yenye cheti na picha ya pamoja hayautoi.

Wagonjwa nao wana sehemu yao, japo tusiwabebeshe lawama. Kufunga kula kunaeleweka vibaya. Chakula na maziwa mwisho ni muda wa saa sita kabla ya usingizi, mlo wa mafuta ni muda wa saa nane. Maji na chai ya rangi bila maziwa ni mpaka ubaki muda wa saa mbili. Uji ni chakula. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao hauhesabiwi kama maji, na kwa Iringa na Njombe ni vizuri muuguzi aulize waziwazi bila kumwaibisha mtu. Lakini anayetoka Ludewa au Ileje, akafika wodini usiku akaambiwa tu “usile”, mara nyingi hukaa na kiu mpaka mchana wa kesho yake bila faida yoyote. Aambiwe saa, aandikiwe.

Tunacho kielelezo karibu, chini ya milima ya Udzungwa. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane za dunia, moja ilikuwa Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa hospitali hizo zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka 11 hadi 7. Kilichoongezwa kilikuwa karatasi na desturi ya watu kusemezana kabla ya kukata. Orodha ile iliandikwa ili kila hospitali iiongezee yake. Napendekeza kwa upasuaji wa matundu madogo ziongezwe kauli mbili, zisemwe kwa sauti na mtu wa usingizi kabla ya tundu la kwanza: upulizaji ulikuwa mwepesi au mgumu, na tumbo limenyonywa au bado. Daktari akisikia kwamba upulizaji ulikuwa mgumu, anajua asianzie juu kushoto kabla ya mpira kuwekwa, na anajua anachoweza kukikuta kamera ikiingia.

Kauli hizo zinamtaka mtu wa usingizi awe na ujasiri wa kusema “ulikuwa mgumu” mbele ya daktari bingwa, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Wengi wanaotoa usingizi katika hospitali zetu ni wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo, na katika mpangilio wa vyeo wanakaa chini. Akisema upulizaji ulikuwa mgumu anasikika kama anayekiri udhaifu, kwa hiyo ananyamaza, na daktari anachoma sindano. Mganga mkuu wa hospitali ana uwezo wa kubadilisha hilo: aagize kwamba tundu la kwanza halitobolewi mpaka kauli zile mbili zisikike, na kwamba muda wa kumvutisha mgonjwa oksijeni unaingizwa kwenye ratiba ya siku pamoja na muda wa kusafisha meza. Na bajeti ya mnara wa kamera inapopelekwa kusainiwa, ukurasa huohuo uwe na barakoa za saizi zote mpaka za watoto, kipima shinikizo kwa kila ambu, mipira ya tumboni ya kutosha mwaka mzima, na mshahara wa mtu wa pili wa kusimama kichwani kwa mgonjwa.